VS Code, Sublime, Notepad++ au Vim: edita ipi kwa laptopu uliyo nayo Uganda?

Kabla ya kuuliza edita ipi (programu ya kuandikia msimbo) ni nzuri, washa laptopu yako utazame mambo mawili: ina RAM kiasi gani, na betri inakaa muda gani ukichomoa waya. Majibu ya hapo yanaamua nusu ya ulinganisho huu. Nusu iliyobaki inaamuliwa na bando lako.

Makala nyingi za kulinganisha edita huandikwa na watu wenye mashine za GB 16, umeme usiokatika na intaneti ya waya nyumbani. Kwao swali ni la ladha tu, rangi gani ya kioo na fonti gani. Anayejifunza kutengeneza tovuti Arua, Busia, Bweyale au kwenye chumba cha kupanga Kawempe ana hali nyingine. Mara nyingi ana ThinkPad, EliteBook au Latitude iliyotumika ng'ambo, ikaletwa Kampala, ikasuguliwa ikang'aa na kuuzwa dukani mjini. RAM ni GB 4, ukibahatika 8. Muuzaji atakusifia prosesa: "Core i5 hii, ssebo, inakimbia." Lakini i5 ya kizazi cha nne si i5 ya kizazi cha nane. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana wengi wenye mashine hizi wanahamia Linux Mint au Ubuntu, na ndiyo maana edita inayokubali Windows peke yake inapoteza alama kwangu hata ikiwa nzuri.

## Walio uwanjani

Tuanze kwa kuwaondoa marehemu. Brackets ya Adobe, ambayo utaikuta bado kwenye vitini vya zamani, iliachwa na Adobe tarehe 1 Septemba 2021. Atom ya GitHub ilifungwa tarehe 15 Desemba 2022. Ukikuta video inayokufundisha kusakinisha mojawapo, video hiyo imepitwa na wakati, na bila shaka mengine inayofundisha yamepitwa pia.

Waliobaki na wanaostahili kushindanishwa ni hawa:

| | VS Code | Sublime Text | Notepad++ | Vim / Neovim |
|---|---|---|---|---|
| Bei | bure | dola 99, ila kujaribu hakuna kikomo | bure | bure |
| Mfumo | Windows, Linux, Mac | Windows, Linux, Mac | Windows tu | yote |
| Laptopu ya GB 4 na kivinjari pembeni | inalemewa | inatosha | inatosha | inatosha |
| Tayari kwa kazi ya wavuti ukifungua tu | ndiyo | nusu | kidogo | hapana |
| Kuizoea | siku moja | siku chache | saa moja | wiki kadhaa |

WebStorm, Zed na edita za simu nitazigusa mbele, kila moja kwa kadiri inavyostahili.

## VS Code na Sublime, bega kwa bega

Hapa ndipo penye mashindano ya kweli.

VS Code ilitangazwa na Microsoft Aprili 2015 na toleo la 1.0 likatoka Aprili 2016. Katika uchunguzi wa Stack Overflow wa mwaka 2024, zaidi ya asilimia 73 ya waliojibu walisema wanaitumia. Takwimu hiyo haithibitishi kwamba ni bora, ila ina faida moja kubwa kwa anayeanza: ukikwama, aliyekaa kando yako darasani anaijua, na kosa lako lina jibu kwenye mtandao tayari. Ukiifungua mara ya kwanza inajua HTML, CSS, JavaScript na TypeScript bila kuongezewa kitu. Ina terminali (dirisha la kuandikia amri) ndani, ina Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo) ndani, na Emmet, kifupisho cha kuandika HTML, pia. Andika hivi kwenye faili la HTML:

```
nav>ul>li*4>a
```

bonyeza Tab, na menyu nzima ya viungo vinne inajiandika. Anayetengeneza kurasa kila siku hawezi kuishi bila hiyo.

Tatizo lake liko kwenye msingi. VS Code imejengwa juu ya Electron, maana yake ndani yake mna kivinjari kizima cha Chromium. Kwa hiyo ukiwa na VS Code na Chrome kwa pamoja, umefungua vivinjari viwili. Ongeza seva ya Node (programu ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari) inayoendesha mradi wa React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, ongeza Windows yenyewe, na GB 4 zimekwisha kabla hujaandika mstari. Kinachofuata unakijua: kompyuta inaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na kama diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, taa yake inawaka bila kupumzika na kipanya kinaganda. (Kama una pesa ya jambo moja tu, nunua SSD kabla ya kufikiria laptopu mpya. Hakuna mpangilio wa edita utakaokupa nafuu kama hiyo.)

Sublime Text ni ya zamani zaidi, ilitoka 2008, na imeandikwa kwa C++. Inafunguka papo hapo hata kwenye mashine iliyochoka, na faili kubwa la database lenye mistari laki kadhaa inalifungua pale ambapo VS Code inaanza kukuonya. Toleo la 4 lilitoka Mei 2021. Leseni ni dola 99, zaidi ya shilingi laki tatu, nayo ni ya mtu, hivyo unaweza kuitumia kwenye mashine zako zote. Ukishanunua unapata matoleo mapya kwa miaka mitatu. Kabla ya kununua unaruhusiwa kuijaribu bila tarehe ya mwisho, ila mara moja moja ukihifadhi faili kidirisha kitatokea kukukumbusha ununue. Mwanafunzi anaweza kukivumilia. Ukianza kutoza wateja, lipa. Kazi inayokulisha isikae juu ya programu unayoikwepa.

Kinachopungua kwa Sublime ni utayari. Inakuja na rangi za msimbo, utafutaji mzuri sana na kasi, basi. Emmet unaiongeza mwenyewe kupitia Package Control, kisakinishaji chake cha vifurushi. Terminali haina. Mipangilio yake utaisoma na kuihariri kwenye mafaili ya maandishi, jambo ambalo anayeanza linamchosha na aliyezoea linampendeza.

Hapa kuna jambo ambalo ulinganisho mwingi huliruka. Tangu 2016 uwezo wa edita kukukamilishia msimbo na kukuonyesha makosa umehamishiwa kwenye programu za pembeni zinazoitwa seva za lugha, zinazozungumza na edita yoyote kwa itifaki moja, LSP. Kwa hiyo Sublime na Neovim zinaweza kupata akili ileile ya TypeScript iliyo ndani ya VS Code. Zinapata na uzito wake vilevile. Ukiiwekea Sublime kifurushi cha LSP cha TypeScript kwenye mradi mkubwa, mzigo ulioukimbia unarudi kupitia mlango wa nyuma. Wepesi wa Sublime unabaki wepesi kwa yule anayekubali kuandika bila mkalimani huyo, na kwa HTML, CSS na JavaScript ya kawaida inawezekana kabisa.

Uamuzi wangu kwa hawa wawili hauna mashaka. RAM ya GB 8 na SSD: VS Code. RAM ya GB 4: Sublime, huku ukifungua vichupo vichache kwenye kivinjari.

## Umeme ukikatika katikati ya mstari

Betri ya laptopu iliyotumika mara nyingi imeshakufa. Waya ukitoka tu, kioo kinazima. Kwa hiyo swali la nini kinabaki baada ya giza ni swali la kila wiki, na edita hizi hazijibu sawa.

VS Code, Sublime na Notepad++ zote huhifadhi nakala ya siri ya ulichokuwa unaandika hata kama hukubonyeza Ctrl+S, na ukifungua tena unakuta vichupo vyako vilevile, pamoja na faili ambalo hukuwa umelipa jina. Notepad++ hufanya hivyo kila baada ya sekunde 7 usipobadilisha mpangilio. Vim huandika faili la akiba lenye mwisho wa `.swp` kila baada ya herufi 200, au ukitulia kwa sekunde 4; umeme ukirudi unafungua kwa `vim -r` na jina la faili. Tofauti ni kwamba zile tatu zinakurudishia kimyakimya, na Vim inakuuliza maswali ambayo mgeni hayaelewi, naye akibonyeza herufi ya kufuta kwa hofu, akiba imekwenda.

Wengi hukimbilia kuwasha uhifadhi wa kila sekunde kwenye VS Code, ule uitwao `afterDelay`. Mimi siupendi. Ukiwa na Live Server, programu ya nyongeza inayoonyesha ukurasa wako kwenye kivinjari kila ukihifadhi, ukurasa unajipakia upya na nusu ya tagi uliyoandika, na kila ukitazama kivinjari unaona uharibifu wa muda. Tena upangaji wa msimbo wa kiotomatiki wakati wa kuhifadhi haufanyi kazi na mpangilio huo. Chagua `onFocusChange`: faili linahifadhiwa ukitoka kwenye edita kwenda kwenye kivinjari, na nakala ya siri inabaki kukulinda dhidi ya giza.

Halafu Git. Kuna wanaodhani Git inahitaji intaneti. Haihitaji mpaka pale unaposukuma kazi kwenda GitHub, ghala la msimbo la mtandaoni. `git commit` inafanyika ndani ya laptopu yako, hata kwenye kijiji kisicho na mtandao kabisa.

## Bando

Data Uganda si rahisi, na tangu Julai 2021, kodi ya kila siku ya mitandao ya kijamii ilipoondolewa, bando lenyewe linatozwa ushuru wa asilimia 12. Edita inayojisasisha nyuma ya pazia inakula fedha zako bila kukuomba.

Notepad++ ni megabaiti chache, Sublime makumi machache, VS Code ni karibu megabaiti 100. Lakini upakuaji wa mara moja si hoja. VS Code hutoa matoleo mapya mara kwa mara, viendelezi (programu ndogo za kuiongezea edita uwezo) navyo vinajisasisha vyenyewe, na ukifungua mradi wa JavaScript inaweza kwenda mtandaoni kutafuta maelezo ya vifurushi bila wewe kujua. Bonyeza Ctrl+Shift+P, andika `Open User Settings (JSON)`, kisha weka haya:

```json
{
  "update.mode": "manual",
  "extensions.autoUpdate": false,
  "telemetry.telemetryLevel": "off",
  "npm.fetchOnlinePackageInfo": false,
  "typescript.disableAutomaticTypeAcquisition": true,
  "files.autoSave": "onFocusChange",
  "editor.formatOnSave": true,
  "editor.linkedEditing": true,
  "editor.minimap.enabled": false,
  "editor.wordWrap": "on"
}
```

Mistari mitano ya kwanza inafunga mabomba ya data. Iliyobaki ni ya starehe: `linkedEditing` hubadilisha tagi ya kufunga ukibadilisha ya kufungua, na kuzima ile ramani ndogo ya kulia kunapanua nafasi kwenye kioo cha inchi 14. Kumbuka tu kwamba kuzima masasisho hakuna maana ya kutosasisha milele, kwa kuwa matoleo mapya hubeba marekebisho ya usalama. Ukifika chuoni, kazini au popote penye Wi-Fi ya bure, sasisha kwa mkono.

Viendelezi ndivyo vinavyoiharibu VS Code kwenye mashine ndogo. Nimeona laptopu za wanafunzi zenye viendelezi arobaini, vingine vikirudia kazi ambayo VS Code inaifanya yenyewe. Kile cha kupaka mabano rangi hakihitajiki tangu 2021, kazi yake iko ndani. Cha kubadilisha tagi mbili pamoja, umekiona hapo juu. Anza na viwili: Live Server, na Prettier inayopanga msimbo wako. Ukifanya PHP, ongeza Intelephense, maana hata anayeota React ataletewa na mteja wake wa kwanza tovuti ya WordPress. Mashine ikianza kukokota, Ctrl+Shift+P kisha `Show Running Extensions` itakuonyesha kila kiendelezi kilichukua muda gani kuwaka. Mwenye makosa atajulikana hapo.

Kiendelezi kimoja cha kuangalia kwa jicho la pembeni ni cha kukagua tahajia. Ukiandika maelezo kwa Kiswahili, faili zima litajaa mistari chini ya maneno kana kwamba umekosea kila neno. Ama ongeza maneno yako kwenye kamusi yake, ama kiache.

Kama mko darasa zima na mwenye bando ni mmoja, pakueni VS Code ya zip, ifungueni kwenye folda na ndani yake tengenezeni folda inayoitwa `data`. Kuanzia hapo mipangilio na viendelezi vyote vinakaa humohumo, na folda nzima mnainakili kwa flash kutoka mashine hadi mashine. Kiendelezi kimoja kimoja pia kinahamishika: kwenye orodha ya viendelezi, bofya kulia uchague `Download VSIX`, mpe mwenzako faili, naye atasakinisha bila hata KB moja ya intaneti. Njia ya folda inafanya kazi kwenye Windows na kwenye Linux, ambako faili la kupakua ni tar.gz badala ya zip.

Mlaji mkuu wa data, hata hivyo, si edita. Ni `npm install`, amri ya Node ya kupakua vifurushi vya mradi. Miradi mitano ya React inarundika nakala tano za vitu vilevile kwenye folda za `node_modules`, na kila mara npm inarudi mtandaoni kukagua kama akiba yake bado ni mpya. Tumia pnpm, mbadala wa npm: inahifadhi kila kifurushi mara moja kwenye diski na miradi yote inakiazima kutoka hapo. Ukibaki na npm, ongeza `--prefer-offline` ili itazame kwanza ilichopakua zamani.

## Notepad++, kwa ufupi

Imekuwepo tangu 2003, ni bure, nyepesi kabisa, na bado ina toleo la Windows ya biti 32, kwa hiyo kompyuta ya maabara ya shule iliyosahaulika inaifungua bila kulalamika. Kwa masomo ya kwanza ya HTML na CSS inatosha. Angalia tu menyu ya Encoding iseme UTF-8. Ukurasa wa Kiluganda wenye herufi ŋ ukihifadhiwa kwa mfumo mwingine utatoka na vimaandishi vya ajabu kwenye kivinjari, nawe utaitafuta hitilafu kwenye HTML ambako haipo. Mradi ukishapita mafaili kumi na kuanza kuhitaji Git, hama.

## Vim na Kibaale

Vim, edita ya kwenye terminali inayoendeshwa kwa kibodi, ina uhusiano na Uganda ambao watu wengi wa hapa hawaujui. Kwa miaka mingi, ukiifungua bila faili, kioo cha kwanza kilikuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Aliyeiandika, Mholanzi Bram Moolenaar, alitoa toleo la kwanza 1991, akafanya kazi ya kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale mwaka 1994. Si Kibaale ya Bunyoro; ni mji mdogo wa kusini, upande wa Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania, eneo lililopigwa vibaya na Ukimwi na kubaki na mayatima wengi. Badala ya kuuza programu yake aliwaambia watumiaji wachangie kituo hicho. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na toleo la 9.1 la Januari 2024 likatolewa kwa kumbukumbu yake. Andika `:help uganda` ndani ya Vim usome mwenyewe.

Hisia kando, je, uichague? Kama edita yako ya kwanza, hapana. Mtu anayejifunza CSS na Vim kwa wakati mmoja anajifunza mambo mawili magumu na kuyachukia yote mawili. Lakini ijue kidogo, kwa sababu ya seva. Ukikodi seva ndogo ya Linux kwa ajili ya tovuti ya mteja, kiendelezi cha VS Code cha kufanya kazi kwa mbali kupitia SSH kinasakinisha sehemu yake kule kwenye seva na kula RAM yake. Seva ya MB 512 haiivumilii. Vim ipo pale tayari, au iko hatua moja tu. Jua kuingia kuandika kwa `i`, kutoka kwa Esc, kuhifadhi na kuondoka kwa `:wq`, kuondoka bila kuhifadhi kwa `:q!`. Hayo manne yatakuokoa siku tovuti imeanguka saa nne usiku. Ukitaka zaidi, andika `vimtutor` kwenye terminali. Ni somo zima, na halihitaji intaneti.

Neovim, iliyochipuka kutoka Vim mwaka 2014, ndiyo ya kuendea ukinogewa. Mipangilio yake huandikwa kwa lugha ya Lua na LSP imo ndani tangu 2021. Tahadhari: kuna watu walioingia kuipamba Neovim na hawajatoa tovuti hata moja mpaka leo.

## WebStorm na Zed

WebStorm ya JetBrains imekuwa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara tangu Oktoba 2024, na kwa mradi mkubwa wa TypeScript hakuna inayoifikia kwa kubadilisha jina la kitu kwenye mafaili mia bila kuvunja chochote. Historia yake ya ndani inakumbuka mabadiliko hata kama hujatumia Git. Chini ya GB 8 usiiguse, GB 16 ndipo inapopumua. Ukilipwa kwa kazi, unatakiwa kulipia.

Zed, ya waliowahi kutengeneza Atom, ni ya kasi mno na imeandikwa kwa Rust, lakini inachora kioo chake kwa kadi ya picha. Laptopu ya 2013 yenye kadi dhaifu inaweza kukataa hata kuifungua. Ijaribu baada ya miaka michache, ukishabadilisha mashine.

## Usiye na laptopu

Simu ya Android inaweza kubeba mwanzo wako. Acode ni edita ya kweli, ina rangi za msimbo na inakuonyesha ukurasa papo hapo. Ukitaka kwenda mbali zaidi, sakinisha Termux, terminali ya Linux ndani ya Android, ila ichukue kutoka F-Droid, ghala la programu huria, kisha `pkg install git nodejs` na una Git na Node mfukoni. Kinachochosha ni kibodi ya kioo. Mabano na alama za `<` na `>` zitakumaliza. Kibodi ya waya yenye kiunganishi cha OTG inabadilisha kila kitu, na ni rahisi kuliko laptopu mbovu.

## Akili unde na edita za mtandaoni

Cursor, edita yenye akili unde, imejengwa kutoka VS Code, na Copilot, msaidizi wa kuandika msimbo, inaingia ndani ya VS Code yenyewe, ikiwa na ngazi ya bure tangu Desemba 2024. Zinasaidia. Kwa anayejifunza, ushauri wangu ni kuziacha mpaka uweze kuandika fomu ya mawasiliano na menyu ya simu bila kusukumwa, maana hutajua zimekosea wapi. Kwa anayefanya kazi, swali ni tofauti: je, ukizizoea, unaweza kuendelea zikinyamaza? Kwenye uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na edita kwenye diski yake aliendelea kuandika. Aliyekuwa akitegemea edita ya kwenye kivinjari, kama Codespaces, alikaa. Edita hizo za mtandaoni ni nzuri kwa kurekebisha kitu kidogo ukiwa kwenye kompyuta ya mtu, si makao.

## Nani achukue nini

Mwanafunzi mwenye GB 4: Sublime, au Notepad++ kama ni Windows na ndiyo kwanza anaanza HTML. Mwenye GB 8: VS Code yenye mipangilio ya hapo juu na viendelezi visivyozidi vidole vya mkono mmoja. Anayechukia Microsoft kukusanya habari zake achukue VSCodium, ni VS Code ileile bila mabomba hayo, ila viendelezi vyake vinatoka kwenye ghala lingine na vichache vitakosekana. Anayehudumia seva za wateja aongeze Vim juu ya aliyo nayo. Mwenye simu tu, Acode.

Na kwa vyovyote utakavyochagua, jaribu ukurasa wako kwenye simu kabla ya kumwonyesha mteja, kwa sababu simu ndiyo atakayoufungulia. Washa hotspot kwenye simu, unganisha laptopu, kisha washa Live Server kwenye VS Code, au kwa edita nyingine yoyote andika `python3 -m http.server 5500` (kwenye Windows, `python` badala ya `python3`) ndani ya folda ya mradi. Tafuta anwani ya laptopu kwa `ipconfig`, au `ip a` kwenye Linux, na kwenye kivinjari cha simu andika anwani hiyo ikifuatwa na `:5500`. Ukurasa unasafiri kati ya laptopu na simu tu. Wenyewe hauligusi bando, isipokuwa kama umechota fonti au picha kutoka mtandaoni. Windows ikikuuliza kuhusu firewall, ruhusu; ukikataa, simu haitaiona laptopu.